Treni Itasimama Hafod Wen

3 Rhes Uchaf,
Hafod Wen,
Bryn Derw,
Wales.

28 Aprili 2019

Mpendwa Mama Mdogo Nesta,

Shikamoo. Na Baba Mdogo Ernesto umfikishie shikamoo yake kabla hajaanza kulalamika kwamba namsahau. Mnaendeleaje huko Trevelin, ng'ambo ya bahari? Kile kikohozi chako kimekuachia? Mair na Joaquín hawajambo? Mama anasema Joaquín sasa anakupita kwa urefu na bado anaogopa farasi. Mwambie mimi naogopa watu, kwa hiyo asijione peke yake.

Sisi huku ni wazima, ila goti la Bibi. Daktari amemkataza kabisa kushuka ile njia ya mawe mpaka barabarani. Bibi akamjibu kwamba njia hiyo aliipanda akiwa na mimba yako ya miezi minane, tena na gunia la viazi. Daktari akaandika dawa. Baridi imeanza kututoka, najua ndiyo inakuja kwenu. Wanakondoo wamejaa kila mahali na mvua ni ileile unayoijua.

Nakuandikia kwa sababu ya reli. Nina hakika Mama keshakwambia kwenye simu kwamba nimeharibika tabia. Naomba unisikilize na mimi. Nikiongea sifiki mwisho wa sentensi, lakini nikiandika nafika.

Mwezi wa pili kamati ya reli ilikutana, ikaamua kwamba kuanzia Pasaka treni isisimame tena hapa kwetu. Itoke Bryn Derw ipande moja kwa moja mpaka ziwani. Sababu alizieleza Bwana Meurig, mwenyekiti. Si mtu mbaya, Mama Mdogo. Kila Jumamosi huwa anazoa majivu ya injini ya mvuke kwa mikono yake, na hakuna anayemlipa, kama sisi wengine wote. Alisema kituo chetu kiko katikati ya mwinuko, na injini ikisimama pale siku ya mvua magurudumu yanazunguka bure, halafu watalii wanakosa boti ya ziwani. Na abiria wenyewe wa Hafod Wen ni nani? Ni Bibi na kikapu chake, na siku nyingine mbwa wa Mzee Hopcyn, ambaye anapanda bila kumuuliza mtu.

Bibi alikuwepo mkutanoni. Unajua kwamba yeye ndiye anayepika kwenye chumba cha chai kule ziwani, tangu kilipofunguliwa. Basi la barabarani lilishaondolewa zamani. Akauliza swali moja tu: "Na mimi nitapandia wapi?"

Bwana Meurig akasema atamfuata kwa gari lake. Bibi akamkumbusha kwamba gari linaishia barabarani, na barabara iko chini ya ile njia ya mawe. Bwana Meurig akasema, kwa upole kabisa, kwamba labda umefika wakati wa Bibi kupumzika.

"Sikuomba kupumzika," Bibi akasema. "Nimeuliza napandia wapi."

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, na jibu nilikuwa nalo. Nilitaka kusema kwamba reli hii ilipokuwa imefunikwa na miiba, miaka mingi baada ya treni za kubeba mawe ya vigae kukoma, walioikata ile miiba ni wanawake wa mtaa huu, na kituo cha kwanza kufufuliwa kilikuwa hiki, si cha ziwani. Wewe mwenyewe ulibeba misumari ya reli kwenye aproni ukiwa mdogo. Lakini walinigeukia kwa ajili ya chai, watu wazima wote wale, na maneno yakanikauka. Shuleni nimefundishwa lugha mbili, Mama Mdogo, na nimejifunza kunyamaza kwa zote mbili.

Mwezi wa tatu wakaja na bisibisi wakaondoa bango la jina. Nilitazama kutoka dirishani. Walipoondoka nilichukua rangi nyeupe iliyobaki kwenye karakana, ambako huwa napaka mabehewa, nikaandika HAFOD WEN kwenye ukuta wa kibanda cha kituo, juu ya mawe yenyewe, herufi zenye urefu wa kondoo. Ukuta haufunguliwi kwa bisibisi. Bwana Meurig aliuliza nani kafanya vile, na sikuweza hata kukana, nilikuwa na rangi mpaka kwenye nyusi. Hapo ndipo Mama aliposema nimeharibika tabia.

Basi Pasaka ikafika. Unakumbuka desturi ya hapa, kwamba ukitaka treni unasimama mahali unapoonekana na kunyoosha mkono, na dereva akiuona anasimama. Hakuna aliyeifuta desturi hiyo. Walifuta jina kwenye ratiba, wakadhani mikono itajifuta yenyewe. Nikaamua nitanyoosha.

Sijui kama utanielewa nikisema sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo. Kwako ni mkono tu. Kwangu ni mabehewa matatu ya macho. Nilijificha kibandani mpaka niliposikia honi kule kwenye daraja, kisha nikatoka na kuunyoosha, na nilihisi kama mkono si wangu, kama nimeazima.

Na watalii wakanipungia. Wote. Kuna mama mmoja alimwinua mtoto wake ili naye anipungie. Walidhani nawasalimia. Dereva wa siku hiyo alikuwa yule daktari wa meno kutoka Stockport ambaye huja kujitolea wakati wa likizo. Naye akapunga, akapita. Nilibaki na moshi, mkono bado uko hewani. Nililia kidogo, halafu nikacheka kidogo, halafu Bibi akatoka na kikapu chake akauliza imepita saa ngapi. Siku hiyo kule ziwani waliuza biskuti za pakiti.

Siku ya pili Bibi akasimama nami. Akasema mkono mmoja wanaweza kudhani ni salamu, lakini mwanamke mzee mwenye kikapu, fimbo na uso kama wake, huyo hasalimii mtu. Dereva alikuwa Mjomba Idwal, yule mliyesoma naye darasa moja. Tukajua atasimama. Hakusimama. Alitazama mbele kama amechongwa kwa mbao.

Jioni akaja nyumbani, kofia mkononi. Bibi alimpa chai. Mkate wa zabibu ulikuwa mezani, na hakumkatia.

"Leo umenipita kama unavyowapita kondoo, Idwal."

"Mama Dilys, nimeambiwa nisisimame. Nikisimama wananivua ovaroli."

"Hiyo reli ulipoikuta ilikuwa na miiba mingi kuliko chuma. Nani alikutuma uing'oe?"

"Wewe."

"Haya. Kunywa chai yako."

Akanywa. Na sijui ilikuwaje, labda kwa sababu alikuwa anatazama kikombe na si mimi, nikasema, "Kesho nitanyoosha tena, Mjomba."

Akaniambia kesho ni mvua. Alisema injini ikikwama pale kwenye mwinuko, basi Bwana Meurig atakuwa amesema kweli mbele ya treni nzima, na hakuna atakayezungumzia kituo chetu tena. Na hakukosea, Mama Mdogo. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Tukipitwa tulikuwa hatujashindwa bado, lakini tukisimamishiwa treni ikakwama, tumekwisha.

"Nitanyoosha hivyohivyo," nikasema.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha ile ya kulala upande. Bibi amefunga kitambaa cha plastiki juu ya kikapu. Nikanyoosha. Mjomba Idwal alituona kutoka mbali, nikamwona akitazama saa yake, reli, na Bibi, kisha akafunga mvuke na breki zikalia. Akasimama behewa la mbele likiwa usawa wa Bibi kabisa, kama anavyosimama siku zote.

Bibi akapanda, polepole, goti lile. Gadi wa treni akapuliza filimbi. Injini ikavuta pumzi, na magurudumu yakazunguka palepale, yakipiga kelele kama sufuria zinazoanguka. Mjomba Idwal akajaribu tena. Hivyohivyo. Kijana wake wa kuchochea moto akapiga kwa chepe boksi la mchanga la injini, ule unaomwagwa relini magurudumu yasiteleze, lakini mchanga ulikuwa umelowa na kushikana, hautoki. Watalii wakaanza kutoa vichwa madirishani. Mmoja akauliza kwa sauti kama kuna mtu amekufa.

Kibandani kuna ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto. Sikufikiri. Ningefikiri ningejificha nyuma ya ndoo. Nilimwonyesha Mjomba Idwal ndoo, akafunga breki na kuniashiria sawa, nikaruka chini, nikatembea mbele ya injini nikimwaga mchanga juu ya reli, konzi kwa konzi, kushoto na kulia, mvua ikinipiga usoni na watu wote wakinitazama mgongoni. Niliwahisi, kila mmoja. Mikono ikaendelea kumwaga. Ndoo ilipokwisha nikatoka njiani na kumwinulia mkono Mjomba Idwal, na safari hii ulikuwa wangu.

Injini ikakwaruza, ikauma, ikaenda. Behewa baada ya behewa likanipita, watalii wanapiga makofi, na Bibi dirishani amekaa wima kama malkia, hata hakunitazama. Alinieleza baadaye kwamba angenitazama angelia mbele ya wageni.

Bwana Meurig alikuja jioni ileile. Tulisimama mlangoni. Aliniuliza nani kaniruhusu kushuka relini.

"Mjomba Idwal. Breki zilikuwa zimefungwa."

"Na kesho, Luned?"

"Kesho pia."

Alisubiri niongeze kitu, lakini nilikuwa nimefika mwisho wa sentensi. Akasema itabidi amsimamishe Idwal kuendesha, naye alionekana mgonjwa wakati anasema. Kweli amemsimamisha, mpaka kamati ikutane Alhamisi hii. Nami nimekatazwa kazi ya karakana. Hilo limeniuma, sitakudanganya. Lile behewa jipya lilikuwa limebakiza mlango mmoja tu kumalizika.

Kwa hiyo siku iliyofuata akarudi yule daktari wa meno. Nilinyoosha nikijua atapunga. Injini ikaja inapunguza mwendo, inapunguza, mpaka ikafika mbele yangu ikitambaa, akatoa kichwa.

"Dada, mchanga upo?"

"Upo. Nimeshamwaga mpaka kwenye kona."

"Basi pandisha bibi yako, kabla sijaulizwa."

Amesimama kila siku tangu hapo, na yeye hawamwondoi kwa kuwa wiki hii hakuna dereva mwingine. Nyumba zote za mtaa wetu wa Rhes Uchaf sasa zinakausha mchanga. Mzee Hopcyn anakausha kwenye mabeseni juu ya jiko lake, na sisi tunakausha kwenye mabati ya Bibi ya mikate, ndiyo maana mkate wa zabibu nilioutia kwenye kifurushi hiki unaweza kukwaruza kidogo. Tafuneni taratibu.

Alhamisi nitakuwa mkutanoni bila sinia la vikombe. Nimeandika ninachotaka kusema, katika lugha zote mbili, na nikishindwa moja nitahamia nyingine. Wakikubali, tutawashukuru na kuwapikia. Wakikataa, Ijumaa asubuhi nitakuwa kwenye kibanda, ndoo imejaa, na atakayekuwa anaendesha itambidi anipite mimi, Bibi, Mzee Hopcyn na mbwa wake, akitutazama machoni.

Nisalimie Baba Mdogo, Mair, Joaquín, na yule bibi wa kanisani kwenu anayeniombea bila kunijua. Mwambie Alhamisi aombe kwa nguvu. Mama anakusalimu, na anasema yeye hayumo katika mambo haya, ingawa jana nilimkuta anachekecha mchanga. Mungu awalinde, awape majira mema na usingizi wa amani.

Mtoto wako akupendaye kutoka upande huu wa bahari,

Luned