Kanzu za Misambi

Ijumaa, 8 Julai 1955

Vumbi tu. Mvua tumeisahau. Miwani nafuta kila baada ya mshono, na bado naona ukungu. Idi kubwa inakaribia, kanzu za watu zimerundikana mpaka naona haya kuzitazama.

Baada ya swala nikapanda baiskeli mpaka bonde la mto Sebeya kutazama misambi, wale korongo wenye taji. Saidati hunicheka — wanaume wengine wana vimada, wangu ana ndege! Anacheka lakini anapenda. Msambi ni ndege wa ukoo wao, Abanyiginya. Hawamli, hawampigi, hata jiwe hawamtupii. Siku ya posa niliambiwa hilo kabla sijaonyeshwa pa kukaa.

Kiangazi hiki maji yamebaki mahali pachache, basi wamejaa pale. Wawili wawili, kama desturi yao. Taji la dhahabu kichwani, shavu jeupe, mwendo wa mtu asiyedaiwa. Leo wamecheza! Mmoja anainama, mwenzake anaruka mbawa wazi, kisha wanabadilishana zamu. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Niliporudi nikamkuta Gratien barazani. Huyu ni mnyapara wa Bwana Shingo, mzungu wa nyumba ya ziwani — jina lake halisi halikai mdomoni, na shingo yake kila mtu kaiona. Akasema: "Bon, fundi. Patron anataka mifuko sita ya kitambaa ya marekani. Ya kuvalisha misambi." Wamewanasa sita kwa tanzi, juu kidogo ya pale ninapokaa kuwatazama. Watapelekwa Goma, kutoka Goma kwa meli mpaka Bukavu, halafu Ulaya, kwenye bustani za wakubwa. Mbawa hawazikati. "Patron hataki hata unyoya moja ivunjike. Donc, ndege ivae nguo."

Ndege avae nguo!

Nilipaswa kukataa. Sikukataa. Gisenyi nzima, nani amewahi kumshonea ndege? Kichwa kilinivimba. Tena nikajiambia: nikikataa atampa Abdu, jirani yangu wa cherehani, na mishono ya Abdu inajulikana. Wameshanaswa. Angalau wasafiri bila kuvunjika. Nilijipa sababu moja baada ya nyingine, na kila moja niliiona nzuri.

Saidati sijamwambia. Nitamfanyia mshangao.

Jumatatu, 11 Julai

Mungu anisamehe, maana mimi mwenyewe sijui nianzie wapi kujisamehe.

Fundi hashoni bila kipimo. Hivyo ndivyo baba alivyonifunza, na yeye alifunzwa hivyo Ujiji. Nikamwambia Gratien aniletee mmoja nimpime. Akamleta ndani ya tenga, miguu imefungwa. Barazani watu wangejaa, kwa hiyo nikampeleka nyumbani, uani. Na nilitaka Saidati amwone karibu. Tangu azaliwe anawaona kwa mbali tu. Nilidhani atafurahi!

Nikampima. Kifua, mgongo, toka shingoni mpaka pajani. Moyo wake ulikuwa ukipiga chini ya futi yangu. Nikakata marekani, nikashona ya kujaribu — mfuko mrefu, wazi pande zote mbili, shingo inatokea juu, miguu chini, mbawa zimelala ndani. Nikamvika. Ulimkaa! Akatulia pale uani amesimama wima mithili ya shekhe siku ya maulidi. Nikacheka peke yangu.

Saidati akaingia na mtungi wa maji. Tumbo limeshakuwa kubwa sasa, anatembea polepole. Hii ndiyo mimba iliyokaa, baada ya mbili kuharibika. Akautua mtungi. Akatazama. Mimi bado nacheka, mjinga mimi.

Akauliza: "Nani amemuvika sanda?"

Nikasema si sanda, ni kanzu, ni ya safari. Nikaeleza habari ya mbawa. Nikamweleza mpaka habari za Ulaya. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyofunga.

"We ndiye umeshona?"

Mimi.

Ndege akalia, ile sauti yao ya tarumbeta. Saidati akashika tumbo kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni hakula. Nilimkumbusha kwamba sisi ni Waislamu, mambo ya koo na ndege tumeyaacha. Nikamvua ndege, nikamrudisha kwa Gratien.

Jumanne, 12 Julai

Ameondoka. Nimetoka swala ya alfajiri, kitanda kimetandikwa, nguo zake hakuna. Mtungi kaujaza kabla ya kwenda.

Jumatano, 13 Julai

Nimeshona kanzu moja tu. Mkono mmoja wa kanzu nimeupachika ndani nje. Abdu kaona, kaniletea mkasi nifumue. Abdu wa kunirekebisha mimi!

Alhamisi, 14 Julai

Cyanzarwe, kwao Saidati. Mke akirudi kwao kwa hasira, mume hafuati peke yake kama mtoto aliyepotelewa na mbuzi. Unakwenda na msemaji, unakwenda na zawadi, unakiri kosa. Wao hupeleka pombe. Sisi hatuwezi, basi tulibeba sukari na kitenge kizuri. Msemaji wangu Abdu. Njiani kaniuliza nimefanya nini hasa. Nilipomwambia akasimamisha baiskeli. "Ulimupeleka nyumbani? Kwa mama mujamuzito?"

Kule ni mawe meusi ya volkano kila upande. Maji yanamwagika na ardhi inayanywa papo hapo. Watu wanateka mbali. Mke wangu, na tumbo lile, anateka mbali.

Baba yao alishafariki, kwa hiyo anayesema ni mama mkwe, Nyirahabimana. Alitukalisha. Alisikiliza maneno yote ya Abdu — na Abdu alisema vizuri, alinishusha mpaka mavumbini. Sukari hakuigusa. Kisha akanigeukia. Kwa Kinyarwanda chake cha taratibu, alisema hivi: binti yangu alipoingia dini yako sikuuliza, nilimwacha asali anavyosali. Nilikuomba jambo moja tu. Umemfunga ndege wetu mwili mzima mbele ya mtoto aliye tumboni.

Nikasema: "Mama, nimekosa."

Akasema, hilo halimfungui yule ndege.

Saidati akasimama mlangoni. Nikamwita. Hakuitika. Mama yake akaita "Mukashyaka," akaitika. Jina lake la kwao — tangu ndoa sijalisikia likiitikiwa. Akaniambia mwenyewe, kwa Kiswahili, ili Abdu naye asikie: "Mi sikukatai, Faradji. Misambi irudi kwenye maji, nami nitarudi. Ikienda Ulaya na nguo yako, mi nazalia hapa."

Na mama akamalizia: mtoto akizaliwa hapa, atakulia hapa.

Kitenge tumerudi nacho.

Ijumaa, 15 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Shingo, eti kuangalia vipimo. Sita wako nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa waya uliofunikwa mpaka juu. Mlinzi yupo, mbwa yupo. Mmoja amepiga kichwa kwenye waya, taji limejaa damu. Na juu ya bustani — wa saba, huru, anazunguka na kuita. Wa chini anamjibu. Mlinzi anasema hivyo ndivyo kutwa nzima tangu walipoletwa. Amechoka, anasema, hawezi kulala mchana!

Nikamwambia Bwana Shingo, hawa huishi wawili wawili, umetenganisha. Nikamwambia habari ya ukoo wa mke wangu. Alisikiliza kwa adabu, sina la kumsingizia. Akasema ruhusa anayo, na Ulaya watu watawapenda sana. Akanipa sigara. Sivuti, lakini niliipokea. Hilo nalo limeniudhi mpaka sasa.

Bondeni sikwenda. Nimeogopa kuona pengo.

Jumapili, 17 Julai

Abdu anasema nijitie mgonjwa, nirudishe marekani. Nikamuuliza: na wao? Akasema wao watashonewa na mtu mwingine, lakini mikono yangu itakuwa safi. Mikono safi! Saidati hakusema nisafishe mikono. Alisema warudi kwenye maji.

Nimekaa na kitambaa mapajani tangu asubuhi. Mbawa zao nzima. Hakuna kinachowazuia ila waya, na wakitoka kwenye waya hakuna kinachowazuia ila nguo yangu.

Nguo yangu!

Bandi. Kila fundi huanza na bandi — mshono mrefu wa mkono, wa kushikilia kitambaa kabla cherehani haijapita. Ukivuta uzi mmoja, wote unatoka, nguo inafunguka toka juu mpaka chini. Nimewafukuza wanafunzi kwa kutoa nguo ya bandi dukani. Na sasa mimi Faradji bin Mabruki, ambaye watu huja toka Goma kutafuta mshono wake, nitatoa sita.

Njiani watafurukuta, lori litarusharusha, uzi utalegea wenyewe. Mimi nitakuwa barazani kwangu, nashona kanzu za Idi.

Jumatano, 20 Julai

Nimepeleka mifuko yote sita. Bandi nimeificha ndani ya pindo, nje nimepitisha cherehani mstari mmoja wa pambo usioshika kitu. Gratien akachukua mmoja akauvuta kwa mikono yote miwili. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kisigino. Ukashika. "Muzuri, fundi! We iko mutu ya kazi." Akaukunja.

Kisha: "Kesho asubuhi unapanda na sisi. Patron anasema fundi ndiye atavalisha, na atakaa na ndege kule nyuma mpaka bateau, ile meli ya Goma. Kama nguo inapasuka, unashona palepale."

Nikasema nina kanzu za Idi. Akasema Idi iko mbali bado.

Alhamisi, 21 Julai

Niko barieri ndogo ya mpakani, nyuma ya lori. Naandika ili mkono upate kazi nyingine.

Niliwavika mwenyewe, mmoja mmoja. Waliniumauma vidole. Tukaondoka, matenga sita yaliyo wazi juu, kila ndege kichwa nje. Nikangoja wafurukute. Hawakufurukuta! Lori likaruka kwenye mashimo, mimi nikagonga kichwa, wao wametulia wanatazama barabara. Nguo imewakaa sawasawa. Nimepima vizuri mno, nimekata vizuri mno, na ndege aliyekaa vizuri halegezi uzi. Kazi nzuri imeniponza, mimi niliyejisifu maisha yangu yote kwa kazi nzuri.

Hapa tumesimama. Foleni ya wanawake wa Busasamana na maharage yao, na askari anasumbuana nao. Gratien alishuka kwenda kusema naye. Upande wa pili ni Congo, na meli haingoji mtu.

Nikavuta uzi wa kwanza. Mimi, kwa mkono wangu, mchana kweupe. Nguo ikafunguka yote. Msambi akajikung'uta, akapanda juu ya ubao wa lori, akafungua mbawa — zilikuwa kubwa kuliko nilivyopima! Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akatua mzigo wake chini.

Nikasema, ruka. Hakuruka. Akageuka akaanza kumwita mwenzake, yule wa tenga la tatu, na huyo wa tenga akawa anaitika. Ruka, mjinga wee! Nikamsukuma. Akanipiga bawa la uso, akabaki.

Gratien akaja mbio, akamkumbatia mbawa na yote. Hakukasirika hata kidogo. Anadhani ni mshono umefumuka! "Shona, fundi, upesi! Voiture ya patron iko nyuma, naona vumbi yake." Nikamwambia ngoja nitafute uzi mweupe.

Nimeinama juu ya mfuko wangu wa vifaa, daftari ndani yake, kana kwamba natafuta. Vumbi la gari naliona pia, limefika kwenye miti ya kona. Mwanamke mmoja anamwambia mwenzake kwa Kinyarwanda, huyu si ndiye mkwe wa Nyirahabimana? Ndege analia mikononi mwa Gratien, wa tenga la tatu analia, sasa wote sita wanalia.

Gratien anaita. Nimemwambia uzi sijauona. Uko mfukoni mwangu wa shati, kibunda kizima. Kwa mkono wangu wa kushoto nimeshapata ncha ya bandi ya tenga la tatu, na sasa navuta.