Saa Nne ya Lusaka

Bariadi, 9 Juni 1996

Mdogo wangu Jenifer,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila miguu ya mayu inavimba tena. Wewe na shemeji hamjambo huko Lusaka?

Jana nilimpeleka mayu ofisi ya simu, saa nne, kama ulivyotuandikia. Alivaa kitenge cha kanisani. Tukakaa kwenye benchi, na kila aliyepita akauliza, "Mnamngoja nani?" Unaijua Bariadi, hukai mahali bila kujieleza. Simu haikulia. Mwishowe mayu akasimama. "Twende, Kwandu. Mwanangu bado ana hasira." Tangu hapo hakutaji.

Jenifer, ni miaka sita tangu umkatae yule mchumba wa Zagayu ukaolewa huko bila baraka ya mayu. Safari hii mwenyewe ndiye aliyetaka kukusikia. Mbona hukupiga?

Dada yako,
Kwandu

Lusaka, 2 Julai 1996

Dada Kwandu,

Shikamoo. Pole kwa kuuguza. Mimi na Chanda hatujambo.

Nilipiga, dada! Saa nne kamili. Karani akasema, "Wameondoka. Hapa ni saa tano." Nikambishia. Chanda ndiye aliyenielewesha kwamba saa za huku ziko nyuma ya zenu kwa saa moja. Miaka sita naishi hapa, sikuwahi kuwa na sababu ya kulijua hilo. Nililia siku nzima.

Mji huu una haraka. Barabara pana, maduka mapya ya watu wa Afrika Kusini, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Lakini wanawake wakisalimia wakubwa hupiga magoti kama sisi, nami humkumbuka mayu.

Mwambie sina hasira. Jumamosi tarehe 10 Agosti nitapiga saa sita mchana, saa zenu.

Mdogo wako,
Jenifer

Bariadi, 11 Agosti 1996

Mwanangu Jenifer,

Anayeandika ni Kwandu, maneno ni yangu. Sijambo, miguu ni ile ile. Mkwe wangu hajambo?

Jana ulisema, "Mwangaluka, mayu," nami nikajibu, "Mwadila." Tukacheka, maana kwako ilikuwa bado asubuhi na kwangu jua lilishafika utosini. Kisha nikaanza kulia, na simu ikakatika.

Nilitaka kukuambia hivi. Yule wa Zagayu nilimpenda kwa kuwa kijiji chao ni karibu. Ningekuja kwa baiskeli ya kupakiwa, nikuone, nirudi kabla ya ng'ombe. Ulipokwenda mbali vile nilikasirika, kwa sababu sikujua nitakufikiaje.

Pamba mwaka huu inanunuliwa na kila mwenye mizani. Kwandu ameshauza yake, amenunua godoro. Nimemwambia aliweke kwenye chumba chako. Ni kubwa, la watu wawili.

Mayu wako,
Nyanjige