Kwa Shangazi, Aliyeniuliza Nimesikia Nini

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Umelala Makumira, nyuma ya nyumba, penye migomba, na katika maisha yako yote hukupenda kumwona mtu aliyelala akiamshwa. Basi mimi sikuamshi. Nakuandikia tu, na naandika gazetini mbele ya watu wote, kwa sababu wiki iliyopita bwana mmoja aliandika kwamba Mwafrika hasikii maumivu kama Mzungu, kwa hiyo hospitalini hana haja ya dawa nyingi. Nimemjibu katika barua nyingine. Ile haikuwa na adabu. Hii ina adabu, kwa sababu ni yako.

Na kabla sijaendelea nikiri jambo moja ambalo bwana yule angelifurahia. Mimi mwenyewe nilimsaidia kueneza uongo wake. Unakumbuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Lori la kahawa lilinirusha pale Maji ya Chai, paja likavunjika, nikaletwa Arusha mjini juu ya magunia. Nilipofumbua macho nilikukuta wewe, dada wa baba yangu, umevaa gauni la wauguzi wasaidizi, unanikata suruali kwa mkasi. Nikawekwa kitanda namba sita. Mguu ukafungwa kamba, kamba ikapita kwenye kapi, na mwisho wa kamba ukaning'inizwa mfuko wa mchanga, uvute mfupa ukae mahali pake. Daktari akaeleza wazi, nawe ukanitafsiria neno kwa neno: misuli ya paja ikikakamaa kwa maumivu itaushinda mchanga, mfupa utaunga ukiwa umepandana, na nitatembea na mguu mmoja mfupi mpaka kufa kwangu.

"Kwa hiyo ulale," ukaniambia. "Aliyelala paja lake linalegea. Hiyo ndiyo kazi yako hapa, baba. Kulala."

Kulala! Katika wodi ile? Saa kumi na moja alfajiri taa zinawashwa, wagonjwa wanaoshwa nyuso, mashuka yanavutwa, kona zinakunjwa mpaka ziwe kali kama za bahasha. Daktari mwenyewe anakuja saa tatu. Kwa saa nne nzima watu wazima wanalala wamenyooka kama majembe dukani, wasivuruge shuka. Nimesoma mengi tangu siku zile na nimegombana na watu wengi, lakini bado sijaona ushenzi wenye usafi kama ule.

Basi kila asubuhi Sista, yule Mwingereza aliyefunga funguo za kabati la dawa kiunoni, alipita kitanda hadi kitanda. "Wewe naumwa?" Nami, mtoto wa kiume wa Kimeru, niliyesimama jandoni na rika langu bila kupepesa jicho, nilijibu nilivyofundishwa: "Hapana." Sista akaenda zake kitanda namba saba. Ni nani mjinga hapo, yeye au mimi? Nimekwisha kata shauri: wote wawili. Yeye aliuliza swali moja kwa kila mtu. Mimi nilijibu kabla halijaisha.

Wewe hukuuliza hivyo. Ulikuja na beseni la maji ya moto, ukanikanda mgongo na kisigino, ukasema kama mtu anayetafuta umbea, "Haya, usiku wa leo umesikia nini?"

Nikajivuna! Nikakuambia nimesikia fisi upande wa mto, nimesikia askari wa zamu akikohoa mara kumi na tisa, nimesikia lori la yule fundi Kalasinga likikataa kuwaka, na adhana ya Kaloleni tangu neno la kwanza. Nilidhani nakuonyesha masikio makali. Ukakamua kitambaa, ukaenda moja kwa moja kwa Sista.

Nilikusikia, maana hayo masikio makali nilikuwa nayo kweli. "Namba sita hajalala siku ya nne. Anaumwa sana."

"Mimi nauliza yeye. Yeye sema hapana."

"Usimwulize hivyo, Sista. Wanaume wa kwetu ukiwauliza hivyo watasema hapana hata ukiwakata. Muulize amesikia nini usiku. Anayehesabu kikohozi cha mlinzi hajafumba jicho."

Ungelisema hayo faraghani ningelikusamehe mapema. Lakini wageni walikuwa wamekwisha ruhusiwa, na Anaeli, mwenzangu wa rika, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda changu na ndizi zake. Alisikia yote. Sista alipokuja na sindano ya kutuliza maumivu nikageuza uso ukutani, nikasema siitaki. Nikakuambia kwa ukali, "Shangazi, umenivua nguo mbele ya wanaume."

"Nguo nilikuvua Jumatatu," ukajibu, "nikakuogesha mpaka pasipoogeshwa, na hukulalamika."

Anaeli alicheka mpaka ndizi ikampalia. Mimi sikucheka. Nilikataa sindano siku ile, na siku ya pili yake nikakataa tena.

Ninachokumbuka zaidi, Shangazi, ni yale uliyoyafanya siku hizo mbili nilipokuwa nimenuna. Hukubembeleza. Uliviringisha blanketi dogo ukaliweka chini ya goti. Ulining'iniza khanga yako dirishani jua lisinipige machoni. Ulimwomba Sista kitanda changu kitandikwe mwisho, baada ya chai, na alipokuambia daktari ataona kitanda kibovu ukamjibu, "Ataona mtu mzima." Neno lile lingeweza kukufukuzisha kazi. Nilikuona jinsi ulivyoshika ncha za aproni yako baada ya kulisema. Sista alikutazama sana, kisha akasema, "Namba sita, mwisho." Tangu hapo nilimheshimu kidogo.

Hata hivyo paja halikulegea. Siku ya tatu daktari akapima miguu kwa utepe, akatikisa kichwa. Nawe ulipomaliza kumsindikiza ukarudi, ukakaa kitako kitandani, jambo lililokatazwa, na mbele ya Anaeli yule yule ukaniambia:

"Wewe ndiwe unayewaandikia wazee barua kwa Bwana Shauri wa bomani?"

"Ndiyo."

"Unamwandikiaje?"

"Namwambia mashamba ya walowezi yametubana, hatuna pa kulishia."

"Kwa hiyo ardhi ikikuuma unapiga kelele mpaka bomani. Mguu wako mwenyewe ukikuuma unasema hapana. Nani amekudanganya kwamba kulalamika huku ni ushujaa na kule ni aibu?"

Nimebishana na makarani, mapadri na walimu wa siasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile. Nilimtazama Anaeli, nikitafuta msaada. Akamenya ndizi, akasema, "Mimi sijasikia kitu. Nakula."

Sista alipopita nilimwita mwenyewe. "Inauma," nikasema. "Inauma sana, tangu siku ya kwanza."

Sindano ilichomwa mchana, saa nane, jua likiwaka juu ya Meru. Niliuona mlima kupitia upenyo wa khanga yako, kisha sikuuona tena. Walisema nilikoroma mpaka namba saba akaomba kuhamishwa. Kesho yake mchanga ukaanza kushinda.

Sasa nimepita hamsini, na bado napiga kelele. Waingereza wangali hapa, nami ningali nawaandikia. Lakini nimetosheka, Shangazi, kwa mambo mengi. Mjukuu wako, binti yangu, anasomea uuguzi, na katika barua yake ya mwisho anasema wazee wa wodini kwake wanaposema hawaumwi yeye huvuta kiti akauliza wamesikia nini usiku. Sikumfundisha mimi. Alikusikia wewe ukisimulia, ukinicheka.

Na juzi nilikwenda kwa fundi viatu Kaloleni. Alinisimamisha juu ya ubao, akapima mguu huu toka nyonga hadi kisigino, akapima ule, akarudia. "Mzee," akasema, "sawasawa kabisa." Nilimlipa, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, nikala, nikajilaza mchana.

Niulize nimesikia nini. Sikusikia kitu.

Mimi, mtoto wa kaka yako,
Namba Sita