Maji ya Kijani Kisimani kwa Mkwe Wangu

Migori, Alhamisi, mwezi wa tano, 1996

Mvua imekatika na jua limetoka kali, matope yanafuka mvuke kama sufuria. Ni saa tisa alasiri. Nimeketi jikoni na daftari hili, uji wangu wa asubuhi bado uko kwenye kikombe, haujaguswa. Leo lazima niandike ukweli wote, kwa sababu wiki tatu sasa nimekuwa nikiwadanganya watu.

Nilidanganya kuhusu migomba.

Baraza la mji linataka kuchimba bomba la maji machafu mtaani kwetu. Hapa kila ploti ina septiki yake, tangi la choo lililozikwa nyuma ya nyumba, na mengi yamezeeka. Mvua ikinyesha hivi, harufu inatufuata mpaka mezani. Bomba litaanzia juu barabarani, lipite chini ya ploti zetu moja baada ya nyingine, hadi kwenye laini kubwa kule chini karibu na mto. Kisha matangi yote yafukiwe. Jambo jema, nani hataki? Majirani wa mstari wetu wote walitia sahihi karatasi ya kukubali lipite kwao. Mimi peke yangu nilikataa. Na ploti yangu iko katikati, kwa hiyo nikikataa mimi, wote walio juu yangu wamekwama.

Bwana afya wa baraza aliponiuliza sababu, nilimwambia migomba yangu itakatwa. Migomba sita, na mmoja umeoza. Aliiangalia, kisha akaniangalia mimi.

Sababu ya kweli ni mkwe wangu.

Ploti inayofuata chini ni ya mume wa binti yangu, Akinyi. Watu walisema tangu mwanzo kwamba mwanamume hanunui ardhi ubavuni mwa mama mkwe wake. Lakini mji ni mji, aliipata hapo akainunua, na tumeishi kwa adabu. Akija kwangu anakaa karibu na mlango. Hatunyoshiani mkono. Tukiwa na jambo la kuambiana, linapitia kwa Akinyi. Na choo changu hajawahi hata kukielekea. Sisi Wajaluo mtu hachangii choo na mkwe wake. Hiyo inaleta chira, ile laana inayokondesha watoto mpaka wanaisha. Siku moja nilimkaribisha soda mbili, akaondoka mbio katikati ya sala ya kufunga. Nilijua anakimbilia wapi. Nilijifanya nimefumba macho.

Sasa mimi huyo huyo nikubali vya kwangu na vya mkwe viingie bomba moja? Vipite chini ya mlango wake?

Mimi ni mtu wa kanisa. Mhubiri akisema laana zote zilivunjwa msalabani, mimi ndiye huitikia amina kwa sauti kuliko mama wote wa benchi letu. Lakini nikifika nyumbani, hofu niliyoiacha mlangoni bado inaningoja.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Boke, Mkuria wa ng'ambo ya barabara, rafiki yangu tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ai, Nyar Karungu!" Ananiita hivyo, binti wa Karungu, kwa sababu nilizaliwa Sori, kule Karungu. "Kwani mavi nayo yana mkwe?"

Sikumsalimia siku mbili.

Halafu Adhiambo akaugua tena. Ni mtoto wa Akinyi, wa kwanza, na ana jina langu. Homa ya matumbo, mara ya pili tangu Krismasi. Mtoto aliyekuwa akiruka kamba hapa uani sasa anabebwa mgongoni kama wa mwaka mmoja. Nilifunga, nikaomba. Nikamwuliza Mungu ni nani aliyetukosea.

Jumatatu bwana afya alirudi. Alisema anataka kujua kisima cha Akinyi kinachafuliwa na nini, kwa hiyo ananiomba ruhusa amwage rangi ya kijani kwenye choo changu. Kama tangi ni zima, rangi itabaki humo humo. Nikamwambia amwage hata ndoo nzima! Tangi lile alilijenga marehemu mume wangu kwa mikono yake, mawe na saruji, na kila mgeni alikuwa akionyeshwa kifuniko chake kabla hajaonyeshwa kiti. Nilivuta maji mara tatu kama nilivyoambiwa, nikarudi jikoni nikiimba.

Leo asubuhi Akinyi ameingia bila hodi, amebeba ndoo. Ameiweka chini mlangoni.

Maji yalikuwa ya kijani.

Nilishika mwimo wa mlango. Nilikuwa nakataa choo changu kisipite chini ya nyumba ya mkwe, na kumbe miaka yote hii mkwe anakinywa. Anachemshia chai. Akinyi anasongea ugali. Adhiambo, mtoto mwenye jina langu, amepewa kikombe baada ya kikombe, na mimi huku juu nalinda heshima.

Nilikaa chini pale pale kwenye matope.

Bwana afya alipofika hakunilaumu. "Tangi halikujengwa vibaya, mama," alisema. "Limezeeka tu, na udongo huu umejaa maji. La baba yangu kule Homa Bay lilivuja hivi hivi, na yeye alikuwa fundi."

Mkwe wangu naye alikuja. Akasimama nje ya lango, uso ameuelekeza barabarani kama kawaida. "Akinyi, mwambie mama asilie."

Nikasema, "Mwambie sababu haikuwa migomba."

Nikayatoa yote. Mbele ya bwana afya, mbele ya Mama Boke, ambaye bila shaka alikuwa ameifuata ile ndoo tangu barabarani. Chira, choo, mlango wake, yote.

"Mwambie mama nilijua tangu siku ya kwanza," mkwe akasema. "Hakuna Mjaluo anayekataa maendeleo kwa migomba sita. Hata mimi nilitia sahihi nikiwa nimeona aibu. Niliona tu mtoto anaisha."

"Na hiyo chira mnayoingoja," Mama Boke akadakia, "si ndiyo hiyo imekaa kwenye ndoo?"

Safari hii sikukasirika. Nilicheka na machozi yangu. Bwana afya akatoa karatasi, nikaiweka juu ya goti, nikaandika jina langu lote, pamoja na la marehemu. Jina linasomeka.

Kisima sasa kimefunikwa kwa mabati na mawe. Choo changu nimekipiga kufuli mpaka bomba lifike. Mama Boke ameniazima ufunguo wa chake. Anasema yeye hana mkwe wa kumwudhi, ila nisiimbe nikiwa ndani. Tangi la mume wangu litafukiwa, na nimelia kidogo kwa ajili hiyo pia. Sidhani angekasirika. Alimpenda sana Akinyi.

Je, hofu imeisha? Haijaisha yote. Siwezi kumdanganya Mungu humu pia. Lakini leo imekuwa ndogo, kama mbwa wa jirani ukishajua jina lake.

Mchana nilichemsha maji ya mvua kutoka pipa langu, nikayapoza, nikajaza jerikeni na kuishusha mpaka langoni kwao. Nilikuwa nageuka niondoke, nikitegemea Akinyi atoke. Akatoka mkwe. Akaishika jerikeni mwenyewe, akainama kidogo, akasema, "Asante, mama." Kwa mdomo wake, kwangu mimi. Nilijibu sijui nini.

Akinyi amekuja sasa hivi kuniambia Adhiambo amekunywa vikombe viwili na ameomba cha tatu.

Wachimbaji wanaanza kwangu Jumatatu. Ee Baba, mpe huyo mtoto miguu ya kuja kuwatazama.