Mjane wa Ukurasa wa Nne

Jumatatu, 6 Mei

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Yule mjane wa mafuriko aliyeliza klabu nzima leo ni bibi yangu. Si mjane. Na mafuriko hajayaona.

Kila mwaka klabu yetu shuleni huchagua shirika moja la hisani la kuchangia na kulifanyia kazi Jumamosi. Safari hii yalikuja matatu: la waathirika wa mafuriko, la kusafisha mto, na zahanati ya punda. Ripoti zote Kiingereza. Mwalimu mlezi akanipa maandishi yake tu, bila picha, nitafsiri, kwa sababu insha zangu nzuri na mdomo wangu mzito. Spika — mwenyekiti wetu, hachoki kuongea — ndiye aliyesoma mbele ya watu.

Ukurasa wa nne: mjane, mama wa watoto saba, amepoteza kila kitu. Nikaongeza "macho yaliyokauka machozi". Kwenye Kiingereza hayamo. Nilitaka tu sentensi ipendeze.

Kura zikapigwa, wa mafuriko wakashinda kwa mbali. Ndipo ripoti yenyewe, na picha zake, ikabandikwa ukutani. Kwenye ukurasa wa nne, Bibi! Amekaa juu ya ndoo, na gauni lake la maua lenye kiraka mfukoni.

Spika akasema, cheki macho yake, kama ulivyoandika. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 7 Mei

Nimempelekea Bibi unga. Nikaweka, nikaondoka. Mwoga mimi.

Jumatano, 8 Mei

Nimesema. Bibi anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Nilimkuta anachambua mchele, nikamwonyesha picha kwenye simu. Kwanza alifurahi: kumbe nimetoka vizuri.

Ilikuwa siku bomba lilipopasuka uani kwake. Vijana wawili wenye kamera walipita. Yeye akadhani ni watu wa idara ya maji, akakaa apigwe picha ili wakubwa waone uharibifu. Wakamwambia, mama, usicheke. Akaona sawa, bomba si jambo la kucheka.

— Na hapo chini wameandika nini? Nisomee, mjukuu wangu.

Nikamsomea ile tafsiri yangu. Akatupa kijiwe kimoja. Halafu akageukia kibarazani, Babu alikokuwa amesinzia.

— Mzee, amka. Umeshakufa, wajukuu wanakuchangia.

Babu akauliza amezikwa wapi, asije akapewa sehemu yenye mchwa. Tulicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha Bibi akaacha kucheka.

— Hayo macho makavu nayo ni maneno yao?

Nikasema ni yangu. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema yeye hajawahi kuomba mbele za watu, hata chumvi. Na kwamba aliyeandika ndiye atakayefuta.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemfuata mwalimu ofisini wakati wa mapumziko. Nilishikilia mlango muda wote kama utaanguka. Alisema picha ni picha tu. Watu wa mafuriko wapo, wanalala kwenye mahema. Ukiwaharibia, nani atakosa blanketi, bibi yako?

Hilo limeniuma kwa sababu ni kweli. Lakini kama mahema yapo, kwa nini hawakupiga picha mahema? Nikamwuliza hivyo hivyo, kwa sauti. Akasema, wewe tangu lini una mdomo? Nikasema tangu jana.

Nyumbani nimesoma upya zile ripoti mbili nilizotafsiri harakaharaka, kavu kama orodha ya sokoni. Wa mto wanasema wazi kwamba taka zinarudi kila mvua ikinyesha. Wa punda wameandika kuwa punda wanne waliwafia mikononi kwa sababu walisahau kuagiza dawa. Kosa letu, wamesema. Nani huandika hivyo anapoomba msaada? Hao nawaamini.

Kwa hiyo kura ile niliiharibu mimi, kwa uzuri wa maneno. Irudiwe. Wa mafuriko nao wawemo, ila kwa maneno ya kweli.

Ijumaa, 10 Mei

Barua tayari. Kiingereza kwa shirika: toeni picha ya bibi yangu, tuonyesheni mahema. Kiswahili kwa klabu, Jumatatu, na humo nimekiri macho makavu. Nitasoma mimi, si Spika. Bibi ametia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Nimemwonyesha mwalimu, kasema nikiisoma, klabu nitaisikia redioni. Na atakuja kuongea na wazazi. Spika kaniita adui wa wenye shida, mbele ya wote. Sikulia. Sikuinamisha kichwa pia.

Jumapili, 12 Mei

Mwalimu kaja kweli. Yuko sebuleni na Mama, nawasikia ukutani. Anasema mimi mtoto mzuri, ila nimepotoka kidogo. Anaomba apewe barua, mambo yaishe kimyakimya, shule isiaibike.

Mama kauliza: barua yenye sahihi ya mama yangu mzazi?

Ndiyo, hiyo.

Nasikia Mama anakusanya vikombe. Simwelewi. Hajanitetea, hajanikana. Sasa kasema, twende chumbani kwake ukamwombe mwenyewe.

Viti vimesogea. Viatu vya mwalimu, soli ngumu, na ndala za Mama nyuma yake. Wako kwenye korido. Barua iko mezani, wazi, na hapo hapo itabaki. Akiitaka anyooshe mkono mbele yangu. Ninachoficha ni daftari hili tu, kwa sababu humu nimeandika kwamba naogopa, na hilo si la mwalimu kuso—