Mama Hapandi Gari la Mkwe

Jumatatu, 5 Mei 1975

Hakuna aliyeniambia kwamba ndoa ni kusukuma. Sikatai. Nasukuma kwa furaha. Kila asubuhi Projestus anashika usukani, mlango wazi, mguu mmoja unasukuma chini, na mimi nyuma, kanga nimeikaza kiunoni. Kashai ni tambarare na gari letu linataka mteremko. Betri imechoka. Injini imechoka zaidi. Namba za maili zilishazunguka zote zikaanza upya, tangu enzi za marehemu baba mkwe aliyetuachia. Tunalisukuma mpaka barabara inapoinama kidogo, anaachia klachi, linakohoa, linatoa moshi mweusi, linawaka. Hapo hasimami tena, maana akisimama litazimika. Anapunga mkono dirishani, anakwenda zake kufundisha Kanazi.

Mkono ule! Wiki tano za ndoa na bado nabaki barabarani nikiutazama kama mjinga.

Mama Zuhura wa chumba cha pili kanicheka leo. "Bibi harusi, wenzio hufukizwa udi, wewe unafukizwa dizeli!" Nikamwambia kila mtu na manukato yake.

Jioni imefika. Gari halijasikika. Wali umepoa.

Jumanne, 6 Mei

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mae ameumia. Mama yangu mzazi. Jana alikuwa kando ya barabara kule Kanazi, karibu na nyumbani, amebeba nyasi za kutandika ndani. Akasikia gari letu. Kanazi nzima inaujua mlio wake, kama mtu anatwanga mawe ndani ya pipa. Akajua ni mkwe wake anatoka shule. Mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, basi Mae akaruka kuingia migombani ajifiche. Akakanyaga kisiki cha mbuni kilichokatwa mshazari. Kikaingia unyayoni.

Projestus alimwona akianguka. Akasimamisha gari, likazimika. Na hakumgusa! Alisimama barabarani, amempa mgongo, akipiga yowe watu waje. Wakaja wanawake wakambeba. Ndiyo maana jana alichelewa. Alinisimulia huku machozi yanamtoka. Nilimfuta machozi, kisha nikamwambia angemfuta Mae damu.

Heshima gani hii ya kumwangalia mtu kwa kisogo?

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda kumwona. Nilishuka mbali kidogo na nyumba, kama kawaida, ili mlio wa gari usimfukuze kitandani.

Mguu umevimba hadi kifundo. Ngozi inang'aa. Mganga wa zahanati amesema wazi: kidonda hiki ni cha hospitali, kisafishwe kila siku, na mapema. Nikasema aje Bukoba, alale kwetu Kashai. Mae akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa kisiki. Alale nyumbani kwa mkwe? Bora mguu uoze.

Basi Rubya. Mdogo wake, Mama Adela, anakaa hatua chache kutoka hospitali ya Rubya. Atalala huko, atasafishwa kidonda kila siku. Vizuri. Ila Rubya ni mbali, basi halijapita tangu mvua zikate barabara, na vijana wa kumbeba kwa machela wote wako shamba la kijiji. Gari liko. Linapita mlangoni pake kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni!

Baba Mkubwa Laurenti ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki. Amekaa kwenye kigoda, kiko mdomoni, ameamua. Mama mkwe ndani ya gari moja na mkwe, pumzi moja, goti karibu na goti? Watapata obuko. Mikono itawatetemeka wote wawili mpaka kaburini, wasiweze hata kushika kibuyu cha pombe ya rubisi. Amewaona watu hivyo kwa macho yake.

"Na mguu je, Baba Mkubwa?"

"Mguu ni mguu, mwanangu. Ukwe ni ukwe."

Mae naye akaitikia kwa kichwa. Mae mwenyewe!

Ijumaa, 9 Mei

Nimegombana na mume wangu mara ya kwanza. Niandike ukweli: nilitaka anitetee. Akasema hawezi kumlazimisha mama mkwe kuvunja mwiko, hata kama yeye hauamini. Nikamuuliza kama hauamini. Akainamia madaftari yake. Mwalimu wa hesabu huyu! Nikampa mgongo, nikamwambia ndivyo mnavyopenda, visogo.

Baadaye akaniletea chai kitandani, na maziwa mengi ninavyotaka. Nikainywa. Bado nina hasira. Ana macho mazuri sana, ndiyo shida.

Nikiwa nakunywa ndipo nikaona jambo. Wanaogopa mikono yake Projestus. Mikono yangu hakuna aliyeitaja.

Nikamwambia: nifundishe.

Hakucheka. Ningempiga na kikombe kama angecheka.

Jumamosi, 10 Mei

Nimelizima mara nyingi mno. Kila likizimika, kulisukuma upya. Nimelitukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili.

Gari hili halina tabia za magari mengine. Kwanza plagi zipashwe moto, usubiri, usiwe na pupa. Breki zipigwe mara mbili ndipo ya tatu ishike. Gia ya pili inataka kubembelezwa kama mchumba. Na usidhani kuzungusha ufunguo kunalizima. Kuna kitasa cha kuvuta. Usipovuta, linaendelea kunguruma na ufunguo unao mfukoni.

Projestus ni mpole mno. "Polepole, mke wangu. Lisikilize." Nasikiliza. Nasikia Mae.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa tumefanya mazoezi njia ya Kanazi. Nimeliendesha mwenyewe kutoka Kemondo! Nilipiga yowe la furaha nikakaribia kugonga mbuzi.

Amenifundisha ugonjwa mkubwa wa gari. Dizeli tunayopata siku hizi inatoka kwenye mapipa, ina uchafu. Chujio likiziba, hewa inaingia kwenye mirija, injini inakata. Dawa: fungua nati ndogo juu ya chujio kwa spana, piga kipampu kwa mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, kisha funga. Nimefanya mara tatu. Mikono inanuka. Aliibusu hivyo hivyo, yenye dizeli.

Tukapita kwa Baba Mkubwa. Projestus alibaki nje ya ua, mimi nikaingia kutoa taarifa kwamba nitampeleka Mae mwenyewe. Mzee akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Wiki tano tu umeolewa, tumbo bado tupu, unataka kuendesha mashine ya wanaume?"

"Kwani inaendeshwa kwa tumbo?"

Wake za binamu zangu wakainamia vikapu vyao, mabega yanacheka. Yeye hakucheka tena. Akasema vijana watarudi kutoka shamba la kijiji Alhamisi, ndipo Mae abebwe kwa machela. Alhamisi!

Jumatatu, 12 Mei

Mae ana homa. Mguu unatoa harufu. Kidole kidogo kimekuwa cheusi.

Kesho. Nimeshasema. Wao waseme watakavyo.

Jumanne, 13 Mei. Rubya.

Naandikia kwa Mama Adela.

Asubuhi Projestus alileta gari mpaka juu ya mteremko wa kwetu Kanazi, ili liwake kwa kuteremka, akashuka akaingia migombani kujificha. Sasa zamu yake. Nilimkataza kunifuata. Nilisema nikianguka nianguke mwenyewe, nisisikie tena habari za mikono ya nani.

Majirani wakambeba Mae wakamlaza kiti cha nyuma. Hakunitazama. Alikuwa anatetemeka, na si obuko, ni homa. Nikataka kuondoka. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Baba Mkubwa! Koti, kofia, fimbo. Akasema mgonjwa hasafirishwi bila mkubwa wa ukoo. Sikuwa na muda wa kubishana. Nilimbeba na fimbo yake.

Njia nzima ananifundisha kuendesha, yeye ambaye hajawahi kushika hata baiskeli. "Shimo hilo." "Unakimbia." "Unakawia." Kwenye matope nilitaka kumshusha. Mae nyuma anaomba rozari kwa sauti ndogo, na kila tukirushwa sauti inakatika.

Tulipita Muhutwe. Mbele kidogo, bondeni, karibu na daraja la miti, gari likapungua nguvu, likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Nilijua. Nikatoa spana. Nikafungua nati, nikapiga kipampu, povu, povu, povu, kisha dizeli safi. Nikafunga. Sikulia. Baba Mkubwa alisimama kando na fimbo akinitazama kama anatazama mtu anachinja kuku vibaya. Nikarudi kwenye ufunguo. Betri ikasema tik. Basi. Tupo bondeni, tambarare tupu, matope, hakuna mtu. Nilisukuma peke yangu. Gari halikusogea hata kidogo. Nikampigia kelele mzee asukume. Akasema mgongo wake. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, hata humu.

Mae akafungua mlango. Anataka kushuka asukume. Na mguu ule! Nikamrudisha ndani kwa nguvu, nikamfokea. Nimemfokea mama yangu mgonjwa. Mungu anisamehe, sikuwa na mwingine wa kumfokea anayesikia.

Ndipo likaja lori la kukusanya kahawa, tupu, na juu ya magunia matupu amekaa mume wangu.

Alinifuata. Nilimkataza akanifuata! Sijui kama nilitaka kumpiga au kumrukia shingoni mbele ya watu wote. Aliruka chini kabla lori halijasimama. Mae akamwona, akavuta kanga akafunika kichwa chote mpaka kifuani. Projestus naye akageuza uso. Hata hapo! Hata kwenye matope!

Kisha akaenda nyuma ya gari, akaweka mikono juu ya bati, akainamisha kichwa chini ili asione ndani. Watu wa lori wakaungana naye. Nami nikashika usukani. Nikasubiri mzee apige kelele za mwiko.

Baba Mkubwa akapanda, akafunga mlango, akasema, "Anashika bati. Bati si mtu. Haina neno."

Haina neno.

Siku zote hizi! Usukani nao si chuma? Kiti si kiti? Kanga si ilikuwapo tangu Jumatatu ile, angejifunika na kuketi nyuma, mkwe akatazama mbele? Kumbe mwiko una mlango, na ufunguo alikuwa nao yeye kibindoni, akavuta kiko. Nilimgeukia nikamwambia, "Ungeyasema hayo wiki iliyopita, Baba Mkubwa." Gari likaanza kusogea. Nikaachia klachi. Likakohoa, likawaka.

Sikuweza kusimama. Nikisimama linazimika. Nilimwona Projestus kwenye kioo, amepiga magoti topeni pale aliposukumia mara ya mwisho, suruali yake ya shule imeharibika, anapunga mkono. Mkono ule.

Tulifika Rubya. Sista alitazama mguu, akaniuliza umeumia lini. Nilimjibu. Akaita machela hapo hapo. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 14 Mei

Wamekata vidole viwili. Mguu wenyewe wameuokoa, wanasema, ukisafishwa vizuri kila siku.

Baba Mkubwa alikaa nje kwenye benchi siku nzima. Nilimpita mara nyingi bila kumsalimu. Mwishowe akaniita, "Mwana wange." Akasema alichofundishwa na baba yake ndicho alichoshika. Nikasema Mae hana vidole viwili. Akainamisha kichwa, akasema, "Nimeona." Sijamsamehe na sioni sababu ya kuharakisha.

Alhamisi, 15 Mei

Tumerudi, mimi na mzee, kutoka Rubya hadi Kanazi. Gari halikuzimika. Aliposhuka alishika mlango kidogo, akasema, kwa neno letu la heshima, "Waitu, umeendesha vizuri." Nikasema asante kwa sababu nimelelewa.

Nyumbani Projestus alikuwa amepika. Ndizi zimeungua chini. Nikala zote. Nikalia begani kwake, nikamwambia wewe pia, wewe pia ungeweza kufikiria kanga. Akasema ndiyo. Hakujitetea. Nampenda na nimemkasirikia, na vyote viwili vimelala kitanda kimoja.

Jumapili, 18 Mei

Misa. Mvua nyepesi. Gari limepumzika, tumelifungia chujio jipya ambalo Projestus alilipata kwa rafiki wa gereji.

Jirani wa Mama Adela amefika mjini na salamu za Mae. Homa imetoka. Anakula. Ameanza kukaa nje asubuhi, mguu juu ya kigoda. Ameuliza kama suruali ya mkwe wake ilitakata. Kisha akasema aambiwe kasinge, pongezi ya kwetu, kwamba amefanya vizuri. Hilo tu. Projestus alilisikia, akaenda kusimama dirishani muda mrefu.

Tumezungumza, bila ugomvi. Mae akipona nitamrudisha Kanazi mwenyewe, naye Projestus akae mbele pembeni yangu, kanga ikining'inia kati yao. Tutamwuliza kwanza. Akikataa, nitakasirika tena. Lakini nitamwuliza yeye, si mzee.

Nimemtuma yule jirani ampe Mae jibu langu: asitembee mno, asiniwazie, na kabla Mei haijaisha nitakuwa Rubya kumwona.