Nani Anasaga Meno?

Busia, Jumanne, 1964

Sielewi kabisa. Mama mkwe anasema Nekesa wangu anasaga meno usingizini kwa sababu ya minyoo. Mwalimu wa kanisa aliposikia tu "kusaga meno" alifungua Biblia akamkemea shetani. Mtoto wa miaka minne! Nilikasirika.

Jana mama mkwe alimchukua kwenda Buhehe, akanywe dawa ya mizizi. Nikalala peke yangu. Baba Nekesa yuko kazini Tororo, na Jumamosi hii pia hakuja.

Wifi yangu alifika usiku, akalala chumba cha pili. Asubuhi akalalamika, "Wifi, huyo mtoto kasaga meno mpaka nikakosa usingizi!"

"Mtoto gani? Nekesa yuko Buhehe."

Nikajishika shavu. Taya zinaniuma tangu niamke.